Yatima hashibi neno "vumilia"

Kuna neno tumelizoea mno misibani kwetu. Baba akishazikwa na turubai kukunjwa, wazee humshika bega mtoto wa kiume na kumwambia: "Vumilia mwanangu, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Kisha kila mtu anashika njia yake. Shule zikifunguliwa, mtoto huyo unamkuta Kobero au Mutukula na gunia mgongoni, anavusha mizigo ya watu kwa ujira wa siku. Ana miaka 12 au 13, na amevumilia kama alivyoagizwa.

Nina ugomvi na neno hilo, na shahidi wangu ni mcheza gofu. Najua wapo watakaocheka. Gofu kwetu ni mchezo wa wakubwa, wengi tumeuona kwa nje ya uzio tu, na vijana wetu wakiingia humo mara nyingi ni kwa kubeba mikoba ya fimbo za wenyewe. Lakini nivumilieni kidogo (neno lenyewe hilo!).

Jason Day alizaliwa mwaka 1987 katika jimbo la Queensland, Australia. Baba yake, Alvin, alikuwa mwenyeji wa huko. Mama yake, Dening, alikuwa mhamiaji kutoka Ufilipino. Fimbo yake ya kwanza ya gofu baba aliiokota jalalani mtoto akiwa bado mdogo kabisa. Nguo za nyumba hiyo zilikuwa za mitumba. Nyie mnaofungua marobota mnajua familia ya namna hiyo inavyochagua.

Jason akiwa na miaka 12, Alvin akafariki kwa saratani ya tumbo. Mtoto akaanza kulewa na kupigana ovyo. Hayo ameyaeleza mwenyewe hadharani, sitii chumvi. Mtaani kwetu angekwisha kupewa jina baya na hukumu ingekuwa imepita.

Mama yake hakumhubiria. Alimtoa pale alipokuwa anaharibikiwa, akampeleka shule ya bweni ya Kooralbyn, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, iliyokuwa na mafunzo ya gofu. Ada yake haikulingana na kipato cha mjane. Day amesimulia jinsi mama alivyokata majani ya uani kwa kisu kwa sababu hawakuwa na fedha za kutengeneza mashine, na jinsi walivyochemsha maji ya kuoga kwa birika, moja baada ya jingine, kwani nyumba haikuwa na tangi la maji moto. Hapo ndipo ada ilipotoka: katika vitu ambavyo mama na dada wawili wa Jason walikosa.

Huko shuleni alikuwapo mwalimu wa gofu, Colin Swatton. Siku za mwanzo alimwagiza kijana akafanye mazoezi kwenye uwanja wa mashimo mafupi. Kijana akamtukana, akaondoka kwa hasira. Baadaye alirudi mwenyewe kuomba radhi, kwa kuwa alikumbuka nyumbani wanajinyima kwa ajili yake. Mwalimu akampokea. Mimi naona siku ile ina uzito kuliko makombe yote yaliyofuata. Mwalimu angeweza kabisa kuandika barua ya kumfukuza, na nani angemlaumu?

Makombe nayapitia haraka. Mwaka 2010, akiwa na miaka 22, alishinda mashindano ya Byron Nelson huko Texas. Novemba 2013 kimbunga Haiyan kiliua jamaa zake 8 kule Ufilipino, akiwemo bibi yake, naye mwezi huohuo akashinda Kombe la Dunia la gofu mjini Melbourne. Agosti 2015 alitwaa ubingwa wa PGA wa Marekani kwa mipigo 20 chini ya kiwango, na mwezi uliofuata akawa namba moja duniani. Siku ya ubingwa ule alilia kabla hajamaliza shimo la mwisho. Aliyembebea mkoba ni Swatton yuleyule.

Sasa turudi mpakani. Magazeti mengi yakiandika habari zake husifu uvumilivu wa kijana, nami sikatai kwamba alikuwa nao. Lakini nyie wafanyabiashara niambieni, nani kati yenu alianza na uvumilivu mtupu? Mlikuwa na mtaji, hata kama ni wa kukopa kwa shemeji. Nanyi mliorudi kutoka kambi za Kigoma mnakumbuka vizuri nani aliwapa jembe na nani aliwapa pole tu.

Nitaambiwa Australia ni nchi tajiri, na kwamba mjane wa Muyinga hana nyumba ya kuwekea rehani wala shule ya gofu. Ni kweli. Ila sijataja gofu kama dawa. Ninachouliza ni hesabu ya msibani: rambirambi zikihesabiwa, kwa nini fungu la chakula cha wageni lina msimamizi na daftari lake, na fungu la daftari za mtoto halina hata msemaji? Na mwenye mzigo pale mpakani, anayemjua fika huyu mtoto ni wa nani, kwa nini anaona kumpa gunia ndio msaada? Mtu mzima mwenye baiskeli yupo palepale, anasubiri kazi.

Dening alifariki Machi 2022. Day alikuwa amekaa miaka mitano bila ushindi, wengi wakisema amekwisha, alipotwaa tena Byron Nelson tarehe 14 Mei 2023. Ilikuwa Siku ya Mama, na mgongoni mwa mbeba mkoba wake liliandikwa jina la mama huyo.