Mastaa Wetu na Ugonjwa wa Kamera Kubwa

Kuna ugonjwa umeingia mjini na tiba yake bado haijapatikana. Staa wa Bongo akiita mpiga picha, kitu cha kwanza anachokagua siyo picha ambazo jamaa ameshapiga, ni ukubwa wa kamera. Ikiwa nyeusi, nzito, ina lenzi imechomoza kama mdomo wa mamba na mkanda unaning'inia shingoni, basi huyo ndiye mtaalamu. Akichomoa kitu kidogo mfukoni, hata kama ndicho hasa kinachotakiwa siku hiyo, anaonekana kaja kuokoteza. Na hasara ya ujinga huu haimwangukii staa hata siku moja. Inamwangukia kijana aliyeshika kamera.

Mfano upo, tena wa juzijuzi tu. Msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) alikodi boti kwenda kisiwa cha Mbudya kula bethidei yake. Mpiga picha alikuwa dogo mmoja wa Sinza, mtulivu, anayejua kazi. Dogo akafika Kunduchi na Olympus TG-5 nyekundu, kamera ndogo ya kuingia majini, kubwa kidogo tu kuliko pakiti ya sigara. Meneja akamtazama juu mpaka chini.

"Dogo, hii kamera ya mtoto. Bosi anataka picha, siyo mchezo."

"Kaka, si mmesema watu wanaruka baharini? Hii inaingia nao. Ile kubwa ikilowa tu, imekufa."

"Fanya mpango wa kubwa, la sivyo boti inaondoka bila wewe."

Dogo akapiga simu, mshkaji wake akaja mbio na bodaboda akamwazima Canon 550D. Kwenda kulikuwa shwari. Picha za kwenye mchanga zikatoka kali kweli, hilo lazima lisemwe. Jioni wakati wa kurudi upepo ulishachangamka, wimbi moja likagonga ubavu wa boti, maji yakamwagika ndani. Kamera haikuanguka, haikuzama. Ililowa tu. Ikazima hapohapo na haikuwaka tena.

Memori kadi ilipona, kwa hiyo picha za mchana zipo. Za watu kuruka majini, ambazo ndizo staa alizitaka kwa ajili ya Insta, hazikuwahi kupigwa, maana hakuna mwenye akili timamu anayeingia baharini na 550D. Meneja akalipa nusu, eti kazi haikukamilika. Kamera ya watu ikageuka deni la dogo, na Jumamosi ileile alikuwa ameshachukua advansi ya send-off Tabata. Staa? Staa aliposti picha za mchanga, akapata laiki zake, maisha yakaendelea.

Wengi waliosikia mkasa huu wamemcheka dogo kwamba alikuwa mwoga, angekataa. Ni rahisi kusema hivyo kama kodi ya chumba haikusubiri.

Sasa mashine zenyewe, maana hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapopotea njia. Canon 550D ilitoka mwaka 2010. Kwa umri wa kamera huyo ni mzee, lakini mzee mwenye nguvu zake. Ndani yake kuna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, chenye upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9. TG-5, ambayo ni ya mwaka 2017, ina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Pigia hesabu eneo, ya mzee ni karibu mara 12 ya kijana. Ni tofauti ya sinia la pilau na kisahani cha kikombe. Mwanga ukiwa haba, kama ukumbini saa nne usiku MC akishazimisha taa kubwa na kubakisha zile za zambarau, sinia linakusanya na kisahani kinabaki kinahangaika. Picha inajaa chengachenga, ngozi ya bibi harusi inakuwa kama imepakwa unga.

Halafu lenzi. Kwenye 550D unafungua moja, unapachika nyingine. Ile Canon ya milimita 50 yenye mlango wa f/1.8, ambayo mtaani ndiyo lenzi ya kwanza ya karibu kila mtu kwa sababu ni ya bei nafuu, inafanya sura ya mtu ichomoze na vitu vya nyuma yake vififie laini. Huo ndio muonekano ambao mastaa wanauita "picha ya kamera". TG-5 nayo imeandikwa f/2.0, na wauzaji wa Kariakoo wanapenda kukuonesha hiyo namba kana kwamba ni ndugu mmoja na ile. Siyo. Kwa sensa ndogo vile, karibu kila kitu kuanzia pua ya mtu mpaka mnazi wa nyuma kinatoka kimenyooka, na hakuna lenzi ya kubadilisha. Tena juu yake hakuna pa kupachika fleshi kubwa. Fleshi ya ndani ni kama tochi ya simu ukilinganisha na ukumbi wa watu mia tatu.

Dada mmoja wa Unguja anayapata haya kwa uchungu. Alikuwa anapiga picha za wageni Nungwi, akachoka kubeba begi zito na kuhofia mchanga, akauza DSLR yake yote na lenzi zake mbili, akanunua kamera ndogo ya majini. Ufukweni mambo yakawa safi. Ndipo akaitwa harusi ya ndugu wa mtu mashuhuri, ukumbini, usiku. Akaenda na alichonacho. Albamu ilipofika, mama wa bibi harusi alimpigia na kumuuliza taratibu, "Mwanangu, hizi umepiga wewe au umemwachia mtoto?" Hakuna kazi ya ukumbini aliyopata kupitia familia ile tena, na Unguja ni ndogo, maneno hayachukui siku mbili kuzunguka.

Kwa hiyo wale wanaosema DSLR za zamani zimepitwa, zitupwe, wanaongea bila kulala njaa. Ni kweli Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani tangu 2018. Lakini lenzi za EF za Canon zilianza 1987, mlango wa lenzi wa Nikon ni wa tangu 1959, na soko la mtumba limejaa vitu hivyo. Kijana anaanza na mwili wa zamani na lenzi moja ya 50, anafanya kitchen party, send-off na harusi, na kamati hairudishi picha hata moja.

Ila bahari ni ulimwengu mwingine. TG-5 imetengenezwa kushuka mita 15 chini ya maji bila kuvalishwa chochote, kuanguka kutoka mita 2.1, na kubanwa na uzito wa kilo 100. Ina video ya 4K, wakati 550D inaishia 1080. Inapiga mpaka picha 20 kwa sekunde moja, na mzee anapiga chini ya nne, kwa hiyo ule mruko wa staa kutoka kwenye boti unaupata wote, kuanzia miguu kuachia ubao mpaka maji yanapofumuka. Na kwa mchana wa Mbudya, jua limesimama kichwani, kisahani kinajaa mwanga vizuri tu. Hata Olympus wenyewe waliliona hilo la udogo: TG-4 ilikuwa na megapikseli 16, wao kwenye TG-5 wakapunguza zikawa 12 ili kila kijitundu kipate mwanga wa kutosha. Muuzaji anayekwambia megapikseli nyingi ndiyo kamera bora, mwache aendelee na wateja wengine.

Udhaifu wake baharini upo, na ni wa kuudhi. Haina tundu la kuchungulia, kuna skrini tu, na jua la pwani likiipiga unabaki unapiga kwa kubahatisha. Zumu yake ni fupi, kwa hiyo wa ufukweni hawezi kumvuta mtu aliye mbali kwenye boti; lazima uingie uogelee naye. Na lile neno "haipitishi maji" lina masharti. Milango ya betri na ya waya imezungushiwa mipira. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikikaa pale, maji yanapita, na fundi hatauliza ilikuwa ya kuingia majini au la. Ikitoka baharini inaloweshwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, inakaushwa, ndiyo mlango unafunguliwa. Kuna wapiga picha wanafungua wakiwa bado wanachuruzika, wanataka kubadilisha betri haraka kwa sababu staa anapiga kelele. Hao ndio wanaokuja kulalamika kwamba kamera ni feki.

DSLR nayo pwani inataka matunzo ambayo wengi hawajui mpaka wachelewe. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Lenzi ikiachwa kwenye begi la kitambaa miezi kadhaa, kuvu inaota ndani ya vioo kama utando wa buibui, na kusafisha kwake ni kulipa fundi fedha inayokaribia bei ya lenzi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya inafanya kazi nzuri tu. Ikilowa maji ya bahari, betri inatolewa sekunde ileile, maana chumvi na umeme vikikutana vinakula waya. Na hayo mambo ya kuifukia kwenye mchele, mchele ni wa kupika.

Wapo watakaosema simu imemaliza ubishi wote huu, hizi za siku hizi si zinaingia majini? Zinaingia, kwa kina kidogo na kwa muda mfupi, na zimepimwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Apple wenyewe hawahesabu uharibifu wa maji kwenye dhamana ya kawaida ya iPhone. Na skrini ya simu ikishalowa haijui kidole ni kipi na tone la maji ni lipi. Mtu anayelipwa hawezi kwenda kazini akitegemea bahati hiyo.

Lipo pia lile boksi la kuvalisha DSLR ili iingie majini. Lipo kweli, na linafanya kazi. Ila la uhakika kwa kawaida bei yake inapita bei ya 550D ya mtumba. Mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu inauzwa kwa bei chee, na inatosha kukinga manyunyu. Kuzama nayo ni kucheza kamari na kitu ambacho pengine hujamaliza kukilipia.

Kwa mwenye uwezo wa kamera moja tu, asisikilize staa wala muuzaji. Afungue simu yake aangalie kazi kumi za mwisho alizolipwa. Kama saba zilikuwa ukumbini, mzee abaki, na asimuuze kwa tamaa ya kamera inayozama. Kama saba zilikuwa kwenye maji, mchanga na boti, achukue ndogo bila aibu, na siku ya ukumbi akodi. Dada wa Unguja hakukosea kununua ya majini, maana kwake bahari ndiyo ofisi. Alikosea kuuza ile nyingine. Na dogo wa Sinza alikuwa sahihi asubuhi ile Kunduchi, alipokuwa bado ana kamera moja ya kwake na hana deni la mtu.

Meneja ndiye wa kubadilika hapa. Anajua kusoma mkataba wa shoo mpaka nukta ya mwisho, anajua kudai maji ya kunywa ya aina gani yawekwe nyuma ya jukwaa, lakini kijana wa picha anamwita kwa ujumbe wa mistari miwili. Kabla boti haijang'oa nanga waandikiane hata WhatsApp: picha za majini zinapigwa na kamera ipi, na kamera ikilowa kwa sababu mwenye shughuli aling'ang'ania kubwa, nani ananunua nyingine. Yupo meneja mmoja wa mwimbaji wa taarabu ameshaanza utaratibu huo. Anatenga fungu la kamera kwenye bajeti ya boti, na kabla watu hawajapanda anamwita mpiga picha pembeni, anamwambia afungue ule mlango mdogo, na wanaufuta mpira pamoja.