Lumuma Ipi?

Katika Wilaya ya Kilosa, Mkoani Morogoro, iko Kata ya Lumuma. Katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoani Dodoma, iko Kata nyingine iitwayo Lumuma. Wilaya hizi zapakana. Mkulima wa vitunguu aombaye mbolea ya ruzuku akiandika "Lumuma" tu, karani aliye mbali atajuaje aliingize jina lake katika daftari la nani?

Dawa imekwisha kupatikana. Postikodi ya nchi yetu ina tarakimu tano: ya kwanza ya kanda, ya pili ya mkoa, ya tatu ya wilaya, na mbili za mwisho za kata. Namba za Morogoro zaanza na 67, za Dodoma na 41. Hivyo Lumuma hizi mbili zatengana tangu tarakimu ya kwanza. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nguvu kubwa ilitumika kuzipa barabara majina na nyumba namba. Twaisifu kazi ile.

Lakini namba isiyoulizwa na mtu yafaa nini? Fomu moja yataka sanduku la posta, nyingine kitongoji, ya tatu kiwanja na kitalu. Hata sisi Wanachama tuna hesabu yetu ya mashina, tuliyoirithi kwa TANU tangu miaka ya 1960. Kila ofisi yashikilia desturi yake kana kwamba ndiyo sheria.

Wataalamu wa intaneti nao walipatwa na maradhi haya. Ilipoonekana kwamba anwani za mtindo wa zamani, zisizofika bilioni 4.3, hazitautosha ulimwengu, kanuni za mtindo mpya wenye wasaa mkubwa zilitolewa mwaka 1998. Kumbe anwani moja ya mtindo huo yaweza kuandikwa kwa namna nyingi, sifuri zikiwekwa au zikiachwa, herufi zikiwa kubwa au ndogo. Mashine ilielewa, mtu aliyeitafuta katika daftari alipotea. Mwaka 2010 wakapendekeza namna moja ya kuiandika. Hawakutunga anwani nyingine.

Nasi twadai hivyo hivyo. Halmashauri, mabenki na mashirika wasitutungie namba zaidi. Kila fomu iwe na nafasi ya postikodi na namba ya nyumba. Isiyo nayo irudishwe kwa aliyeichapa, si kwa mkulima. Mabalozi wa mashina wapewe orodha ya namba za nyumba zao, maana wao ndio wawajuao wenyeji kwa sura. Kazi ianze katika Kata zenye majina pacha, na Lumuma zote mbili ziwe za kwanza.