Daftari la La Grange: Tamthilia Iliyopuuzwa na Funzo Lake kwa Wahakiki

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii humfaa mchuuzi wa soko la Mukuyuni, Makueni. Lakini humfaa zaidi mhakiki wa tamthilia ya Kiswahili.

Molière si mgeni katika lugha hii. A. Morrison alitafsiri Mchuuzi Mwungwana na Tabibu Asiyependa Utabibu, na mwaka wa 1973 L. Taguaba akatoa Mnafiki. Hata hivyo, aghalabu msomaji hucheka bila kujua kwamba Mnafiki ilipigwa marufuku nchini Ufaransa mwaka wa 1664, ikapata ruhusa kamili mwaka wa 1669 tu.

Maisha ya mtunzi huyo ndiyo kiini cha tamthilia ambayo Mrusi Mikhail Bulgakov alianza kuiandika mwaka wa 1929. Ilionyeshwa Moscow Februari 1936, ikaondolewa jukwaani baada ya maonyesho saba. Kazi kuhusu mtunzi aliyenyamazishwa nayo ikanyamazishwa! Bulgakov hamsawiri Molière kama shujaa asiye na doa. Ni mtu anayemsifu mfalme apate kibali, na kibali hicho hicho kikamponyoka. Mwishoni, mwigizaji La Grange, mtunza daftari la kundi, anatafakari aandike nini kuhusu kifo cha bwana wake: ghadhabu ya mfalme, au njama za watu wa dini? Anaandika kwamba ni majaaliwa.

Hapo ndipo penye funzo. Mwaka wa 1977, Ngaahika Ndeenda ilinyimwa kibali Kamirithu, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka wa 1981, naye akazuiliwa mwaka uliofuata. Aprili 2025, Mahakama Kuu iliamuru wasichana wa Butere waruhusiwe kuigiza Echoes of War. Walipofika jukwaani Nakuru, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, huku polisi wakiwa wamefyatua gesi ya kutoa machozi.

Je, tahakiki za Kiswahili husema nini kuhusu mambo haya? Nyingi hueleza dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, kisha hukoma. Historia ya uigizaji, yaani nani alitoa kibali, nani alikiondoa na kwa sababu gani, huachwa nje kana kwamba ni majaaliwa. Kwa kufanya hivyo, mhakiki hushika kalamu ya La Grange.

Wapo watakaodai kwamba Bulgakov si wetu. Dai hilo halina mashiko. Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Gogol ilitafsiriwa na Christon Mwakasaka, na hakuna aliyelalamika kwamba maafisa wanaokejeliwa humo ni Warusi. Waliwatambua mara moja.

Kwa hiyo, wanafunzi wa tafsiri waitie tamthilia hii katika Kiswahili, nayo iigizwe hata pasipo na ukumbi. Mukuyuni limetokana na jina la mti, mkuyu, na kivuli chake kinatosha kuwa jukwaa. Muhimu zaidi, kila tahakiki ya tamthilia iliyozuiwa itaje tarehe, mahali na aliyeizuia. Wasichana wa Butere hawakuzuiwa na majaaliwa.