KUFULI HALIMKAMATI MWIZI, LAMFUNGA MNUNUZI

Ndugu Wanachama,

Maneno yamekuwa mengi juu ya wizi wa programu za kompyuta. Twaambiwa kwamba anakiliye programu bila kulipa ni mwizi, na kwamba dawa ni moja tu: programu itiwe kufuli, isinakiliwe wala isifunguliwe. Sisi wa reli hapa Mariakani tunalo neno letu juu ya dawa hiyo.

Kwanza tusieleweke vibaya. Hatutetei wizi. Aliyeandika programu amefanya kazi, na kila afanyaye kazi astahili ujira wake. Mwimbaji wa pwani ambaye nyimbo zake zinakiliwa na kuuzwa vibandani, naye hapati hata senti, ni mfanya kazi mwenzetu. Chama kinachodai mshahara wa haki hakiwezi kumnyima mwingine wake.

Lakini na tuulize: hilo kufuli lamfunga nani? Mtu mmoja hodari akilivunja mara moja, wengine elfu hunakili kitu kilichokwisha vunjwa, bila taabu. Anayebaki na kufuli ni yule aliyelipa.

Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza sahani za muziki zenye programu ya siri. Mnunuzi akiitia sahani katika kompyuta yake, programu ile ilijificha humo ili kuzuia kunakili, ikaacha mlango wazi kwa virusi. Kelele zilipozidi, kampuni ilizirudisha sahani kutoka madukani. Aliyenunua kwa fedha yake ndiye aliyeingia hasarani. Aliyezipata nyimbo zile kwa wizi hakuguswa.

Mwaka 2009 Amazon, kwa sababu ya ugomvi wa haki ya kuchapisha, ilifuta kitabu cha George Orwell tukijuacho kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, kikatoweka katika vyombo vya watu waliokwisha kukinunua. Fedha walirudishiwa, ni kweli. Lakini ni duka gani liwezalo kuja usiku kukitwaa kitabu cha karatasi kabatini mwako?

Hayo ni ya nyimbo na vitabu. Sasa tuje kwenye reli.

Huko Poland kiwanda cha Newag hutengeneza treni ziitwazo Impuls. Kampuni moja ya reli ilizipeleka treni zake kwa matengenezo makubwa katika karakana nyingine, iitwayo SPS, iliyoshinda zabuni. Mwaka 2022 mafundi walimaliza kazi, kila kitu kikawa mahali pake, lakini treni hazikuondoka. Walitafuta hitilafu wasiione. Karakana ikawaita wataalamu wa kompyuta wa kikundi cha Dragon Sector. Hao waliifungua programu, na Desemba 2023 wakaeleza hadharani waliyoyakuta: treni hujitazama kwa setilaiti ilipo, na ikiwa imekaa siku kadhaa katika karakana isiyo ya kiwanda, hukataa kwenda.

Newag imekana kwamba iliweka jambo hilo. Kisha ikaishitaki karakana na wataalamu wale, ikidai pamoja na mengine kwamba hakimiliki yake imevunjwa. Kesi tuwaachie mahakimu. Sisi tutazame jambo moja: sheria tuliyoambiwa ni ya kumlinda mwandishi na mwizi imemwangukia fundi aliyeifanya treni itembee. Je, fundi yule aliiba nini?

Ndugu, msiseme Poland ni mbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inakataza kuvunja makufuli ya namna hii. Na tangu 2017 reli mpya inapita papa hapa Mariakani, kwa mkopo wa Uchina na injini za Uchina. Hatumshitaki mtengenezaji yeyote wa injini hizo. Twasema hivi: injini ya moshi fundi aliisoma kwa macho na masikio, akashika tupa akachonga kilichopungua. Injini ya leo yasomwa kwa kompyuta. Ikiwa ufunguo wa programu unao mtu wa kiwandani peke yake, fundi wetu atabaki mpanguzaji. Atashika kitambaa, na mgeni atashika kazi. Cheo hakuna, nyongeza hakuna, na kila hitilafu reli italipa nauli ya mgeni huyo.

Tazameni pia mafundi wa malori kando ya barabara kuu. Fundi asiyeweza bei ya programu halali ya kusomea lori hutumia ya kunakili, ili apate kula. Huyo aitwa mwizi. Lakini anayefunga mlango wa halali ndiye anayewasukuma watu kupita dirishani.

Kwa hiyo twadai:

1. Kila mkataba wa kununua injini, mabehewa au mitambo ya ishara uwe pamoja na funguo za programu, vitabu vya maelezo katika lugha tunayoisoma, na mafunzo kwa mafundi wetu.

2. Sheria iseme waziwazi kwamba anayefungua programu ili atengeneze mtambo ulionunuliwa kwa halali si mwizi. Marekani, yenye sheria kali ya makufuli tangu 1998, ilikubali mwaka 2015 kwamba mwenye gari au trekta aweza kuifungua programu yake ili alitengeneze. Kwa nini sisi tusipewe?

3. Programu za kazi ziuzwe kwa bei aiwezayo fundi wa kawaida, na aliyeziandika alipwe haki yake.

Kila tawi lilete madai haya mezani wakati wa mazungumzo na mwajiri. Msiyaache kwa sababu yana jina la kompyuta. Hili ni jambo la mkate. Aliyenunua nyumba asipewe ufunguo ni mpangaji tu, na mpangaji hutolewa siku mwenye nyumba apendayo.

UMOJA NI NGUVU.

Wafanya kazi wa reli, Mariakani