Sindano Si Kipimo cha Matibabu

Kati ya Butembo na Beni, huko Kivu mashariki mwa Kongo, mgonjwa anayerudi kutoka kituo cha afya na vidonge tu mkononi huonekana hajatibiwa. "Hawakukupiga hata sindano moja?" huulizwa nyumbani. Mtoto akishikwa na homa, mama hutaka achomwe au atundikiwe dripu ya kwinini, hata kama bado ananyonya na hatapiki. Imani hii imeenea Afrika Mashariki, nayo imeua watu.

Watu wa Mabalako wanajua hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika zoni hiyo ya afya, kitovu kikiwa Mangina. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Watu hukumbuka mazishi, na magari ya timu za afya yaliyopigwa mawe. Chumba cha sindano hakitajwi sana. Mjini Beni, mwaka huohuo wa 2018, watoto walipelekwa kutibiwa malaria kwenye vituo vidogo vya mitaani vinavyoitwa tradimoderni, vinavyochanganya mitishamba na dawa za hospitali, wakaambukizwa Ebola humo. Shirika la Afya Duniani lilivitaja vituo hivyo kuwa miongoni mwa vichochezi vikuu vya maambukizi mjini.

Ebola na malaria huanza kwa sura moja: homa, kuumwa kichwa, kutapika. Anayechoma hajui ni ipi iliyo mbele yake. Chupa moja ya dawa huchotewa wagonjwa kadhaa, na muuguzi akibadilisha sindano lakini akabaki na bomba lilelile, damu isiyoonekana kwa macho imeshaingia kwenye chupa. Wote watakaofuata wataichangia. Glavu hazitaokoa hapo. Glavu zilizovaliwa asubuhi na kuvuliwa adhuhuri humlinda aliyezivaa. Kwa mtoto wa kitanda cha tatu, ni mikono iliyotoka kumshika mgonjwa wa kitanda cha kwanza.

Kongo haikulijua hili juzi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, wauguzi walikabidhiwa mabomba matano kila asubuhi, yakisuuzwa kwa maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wagonjwa wa Ebola katika mlipuko huo walikuwa 318, wakafa 280. Kati ya walioambukizwa kwa sindano, hakupona hata mmoja.

Sindano ina kazi yake, na hilo halina ubishi. Chanjo ya Ebola ilichomwa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko wa Kivu, na mtoto mwenye malaria kali, aliyezimia, hawezi kusubiri kidonge. Lakini homa ya kawaida si malaria kali. Wala mama asibebeshwe lawama peke yake: muuguzi asiyepata mshahara wa serikali huishi kwa malipo ya wagonjwa, na sindano humwingizia zaidi kuliko ushauri. Mradi analipwa hivyo, ataendelea kuchoma.

Mwishoni mwa Novemba 2018, Beni ilionyesha njia nyingine. Dawa za malaria zilipelekwa mlango kwa mlango, lengo likiwa kuwafikia watu hadi 450,000, ili wenye homa wapungue vituoni. Hapakuwa na bomba wala chupa ya kuchangia. Vidonge vilimezwa nyumbani, kwa maji ya kikombe.