Marudio ni ya Nani?

Ndugu msomaji wa Shinyanga na Geita, wewe huhitaji kufundishwa maana ya marudio. Mchimbaji hupeleka mawe yake karashani, yakasagwa, yakaoshwa kwa zebaki, naye akaondoka na punje yake ya dhahabu. Mchanga unaobaki huwa wa mwenye karasha, ambaye huulimbikiza, akauchenjua upya, akapata dhahabu ambayo mchimbaji hakuiona. Katika muziki mambo ni hayo hayo. Mpiga gita hulipwa ujira wa siku ya kurekodi. Kila santuri inayouzwa baadaye ni marudio.

Aliyeling'amua hilo mapema ni Kiamuangana Mateta, maarufu kwa jina la Verckys, mpuliza saksafoni wa Kongo aliyefariki mwaka 2022. Alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963. Kiongozi wake alipokuwa safarini Ulaya, Verckys aliwakusanya baadhi ya wenzake, akarekodi nyimbo na kuzitoa kwa jina lake mwenyewe. Utovu wa adabu? Labda. Mwaka 1969 akaunda bendi yake, Orchestre Vévé. Lakini silaha yake kubwa haikuwa tena saksafoni. Alikuwa na nembo yake ya santuri. Akanunua vyombo, akawapa vijana wasiokuwa navyo, akawarekodi. Nyimbo hizo zilitufikia hata sisi, kwa santuri zilizotolewa Nairobi. Mwaka 1978 akafungua Vévé Centre mjini Kinshasa.

Hapo ndipo sifa zangu zinapopungua. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Ndugu wawili wa Soki, waimbaji wa Bella Bella, walipotaka kujitegemea iliwabidi waondoke. Yeye akaunda Lipua-Lipua, kusaga kukaendelea. Aliyelikimbia shimo alikuwa amekwisha kuwa mwenye karasha.

Kwetu, katika miaka ya 1960 na 1970, hata karasha haikuwapo. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania kwa ajili ya matangazo, na zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi. Siku hizi studio zimejaa hata miji midogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini pia inamruhusu kuihamisha haki yake kwa maandishi. Basi, mama ambaye kijana wako wa Kahama au Katoro ameletewa karatasi na mwenye studio, mwambie akusomee kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Tafuteni mstari unaosema kanda itakuwa ya nani, na kwa miaka mingapi.