Mvita Si Ngome Tu

Kila mgeni ashukaye Mombasa huongozwa Ngomeni kwanza. Si vibaya. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakawatoa 1698 baada ya kuwazingira kwa karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Lakini nauliza, waungwana: Mvita ndiyo hilo boma la waliotutawala? Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, Mreno hajaja, akawasifu wenyeji kwa dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi.

Mji huo wa wenyewe ndio unaokwisha. Ngome ina walinzi. Kibokoni na Kuze nyumba ya baraza huvunjwa, likainuka ghorofa lisilo hata pa kuketi mtu na jirani yake. Mlango wa nakshi nao huuzwa. Na auzaye aghalabu si mgeni, ni mrithi mwenye ndugu wanane na nyumba moja isiyogawika. Wazee wetu fundo hilo walilijua, ndipo wengine wakaziweka nyumba zao wakfu. Walio na nyumba leo na wakae na watoto wao walizungumze, kabla dalali hajapiga hodi.